Lipe Jua Mgongo: Kupiga Picha za Machweo Seven Sisters

Wengi wanaokwenda Seven Sisters, pwani ya kusini mwa Uingereza, kupiga picha za machweo huelekeza kamera kwenye jua. Mimi nashauri ulipe jua mgongo. Jua linalozama kule ni lilelile linalozama mbele ya Forodhani, Unguja, na Forodhani hutahitaji koti. Kisichopatikana kwetu ni ule ukuta wa chaki wa kama kilomita 4, mweupe kutoka ukingoni hadi majini, unaogeuka dhahabu, kisha waridi, kisha buluu huku umesimama unautazama.

Cha kwanza kuamua ni mwezi wa kwenda. Sisi tuliozoea jua linalotua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima tunasahau kwamba kule mambo ni tofauti. Mwezi Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, tena mbali upande wa kaskazini-magharibi. Majabali yale yanatazama kusini, yakielemea magharibi kidogo, kwa hiyo machweo ya kiangazi yanatokea nyuma yake na uso wa chaki unabaki kivulini. Desemba jua huzama kabla tu ya saa kumi jioni, upande wa kusini-magharibi, na mwanga wake unaupiga ukuta karibu uso kwa uso. Watalii hujaa kiangazi. Mpiga picha aende kati ya Novemba na Februari.

Mahali pa kusimama ni upande wa magharibi wa mlango wa Mto Cuckmere, karibu na nyumba za zamani za walinzi wa pwani. Hapo vilima vyote vinajipanga mbele yako, cha kwanza, Haven Brow, kikiwa na kimo cha mita 77, na jua linakuwa nyuma ya bega lako la kulia. Kutoka London panda treni hadi Brighton, kama saa moja, kisha basi la kuelekea Eastbourne linalopitia Seaford. Shuka Exceat. Daraja liko hapohapo, na huko chini baharini hakuna jingine, kwa hiyo hakikisha uko ukingo wa magharibi kabla hujaanza kuufuata mto. Tembea taratibu, kama dakika 45, na ufike angalau saa moja kabla ya machweo.

Jedwali la kupwa na kujaa kwa maji ni muhimu kama utabiri wa hali ya hewa. Maji yakipwa, sakafu ya chaki inajitokeza na vidimbwi vyake, nawe unapata ukuta na taswira yake ndani ya picha moja. Siku za bamvua kule maji hujaa karibu na adhuhuri na kupwa jioni, jambo linalomfaa sana anayesubiri machweo. Lakini tofauti ya kupwa na kujaa inafika karibu mita 6, zaidi ya ile tuliyoizoea Unguja. Usiingie chini ya majabali kufuata vidimbwi. Vya karibu na mlango wa mto vinatosha.

Na usiusogelee ukingo wa juu. Chaki ile ni mabaki ya viumbe wadogo mno wa baharini, waliorundikana zaidi ya miaka milioni 80 iliyopita, na ni laini. Bahari inakula chini, kipande kinaporomoka, chaki mpya inabaki wazi. Huo weupe unaoufuata na kamera umetokana na kuanguka huko. Mwaka 1999 mnara wa taa wa zamani wa Belle Tout, kwenye pwani hiyohiyo karibu na Beachy Head, ulisukumwa mzima mzima mita 17 kurudi nyuma ili usitumbukie baharini. Juu panaonekana majani mabichi na ardhi imara, kumbe chini ya majani hayo pengine hamna kitu.

Sasa kamera. Weupe huidanganya: ikiona chaki imejaa kwenye fremu, inapunguza mwanga na ukuta unatoka kijivu. Ongeza mwanga kidogo, theluthi mbili za hatua hivi, kisha tazama histogramu usije ukaunguza sehemu zinazong'aa. Mizani ya rangi iweke kwenye alama ya jua. Ukiiachia kamera iamue, itaiona ile dhahabu kuwa kasoro na kuifuta. Mimi hutumia f/11 na ISO 100, na lenzi ya 70–200, kwa sababu lenzi pana inavifanya vilima vionekane vidogo na kuijaza picha anga. Mwenye simu abonyeze na kushikilia kidole kwenye chaki hadi mwanga ufungwe, halafu aupandishe kidogo.

Upepo wa huko hutoka baharini moja kwa moja na huja na chumvi. Fupisha miguu ya tripodi, uning'inize begi chini yake, na uwe na vitambaa vikavu viwili vya kufutia lenzi. Glavu pia, vidole vilivyoganda havibonyezi kitu.

Jua likishazama, usikunje vifaa. Dar giza linaingia ndani ya dakika 20 hivi. Kule Desemba unabaki na zaidi ya nusu saa ya mwanga. Mawingu yakiwaka waridi, chaki inaupokea mwanga huo wote, bila vivuli vikali. Shata ya sekunde moja au mbili inatosha kuyalainisha mawimbi. Picha zangu ninazozipenda zaidi za pale zote ni za wakati huo, baada ya wengi kuondoka.

Kama una siku moja tu ya kuchagua, ngoja siku ya Januari yenye mvua asubuhi na mawingu yaliyoanza kukatika upande wa magharibi mchana. Chukua tochi ya kichwani, na kabla hujatoka nyumbani andika saa ya basi la mwisho kutoka Exceat. Kule hakuna bodaboda.