Kisangani si mwisho wa dunia: vidokezo kwa msafiri wa kutoka Nyakato

Chukua ramani upime kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka: ni kama kilomita 850. Sasa geukia upande wa pili, uvuke ziwa na Kagera, upite mpakani mwa Rwanda na Uganda, uingie Kongo hadi pale Mto Kongo unapoacha maporomoko na kuanza kutulia. Utakuwa umekwenda kama kilomita 900. Kisangani ipo hapo, mji wa mto uliozungukwa na msitu wa mvua, na watu wake wanaongea Kiswahili. Nashangaa ni wangapi kati yetu hapa Nyakato, Mwanza, tumeshapanga safari ya Dubai lakini Kisangani hatujawahi hata kuifikiria.

1. Nenda kwa ndege. Njia ya nchi kavu ipo, inapita Beni, Mambasa na Niania. Lakini kwa miaka mingi wapiganaji wa kundi la waasi la ADF wameshambulia vijiji na magari katika maeneo hayo, na upande wa Goma nao una vita vyake. Kuokoa nauli hakuna maana kwenye njia kama hiyo. Pitia Kinshasa, ushukie uwanja wa Bangoka. Kabla ya kukata tiketi, uliza ubalozi wa Kongo Dar es Salaam kuhusu viza na hali ya usalama ya wiki ileile, si ya mwaka jana. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, ila mpakani bado wana utaratibu wao. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, usiifungie kwenye begi.

2. Beba dola safi. Kule hutumika faranga za Kongo na dola za Marekani, lakini noti iliyochanika hata upana wa ukucha hakuna atakayeipokea. Kagua moja moja kabla hujatoka dukani kwa mbadilisha fedha.

3. Rudisha saa nyuma kwa saa moja.

4. Lugha unayo, lakini sikiliza kabla hujajibu. Katika Kiswahili cha Kongo, mtu akikwambia anataka "kuuza" samaki, mara nyingi ana maana ya kununua. Anayetaka fedha yako "anauzisha". Mwanamume akikutambulisha kwa "bibi" yake, usitazame huku na huku kumtafuta mzee: ni mke wake. Ukiambiwa upande "moto", ni pikipiki. Mwanamume mtu mzima mwite papa, mwanamke mama, na salamu ya Kilingala, "mbote", itakufungulia milango mingi kwa sababu mjini lugha hizo mbili zinakwenda pamoja.

Hapa nina neno la moyoni. Kiswahili hakikufika huko kwa vitabu. Kilikwenda na misafara iliyotoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji kufuata pembe za ndovu na watumwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip wa Zanzibar tunayemsoma kama mwandishi wa maisha yake kwa Kiswahili, alifanywa gavana wa eneo hilo mwaka 1887 chini ya utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kwa hiyo usiende kusahihisha mtu, wala kumwambia kwamba Kiswahili chake kimeharibika. Wenyeji walikipokea kwa machungu, wakakifanya chao, na leo wanakitumia kukukaribisha.

5. Tenga asubuhi nzima kwa Wagenya, wavuvi wa maporomoko. Watalii wengi hufika, hupiga picha, huondoka baada ya nusu saa, na hilo ni kosa kubwa kuliko yote utakayofanya Kisangani. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yametawanyika katika kilomita kama 100 kutoka Ubundu, na la mwisho lipo pembeni mwa mji. Hapo wavuvi wa Kigenya wamesimika miti mikubwa ndani ya maji yanayochemka, wakaifunga kwa kamba za mimea itambaayo ya msituni mpaka ikawa majukwaa. Kutoka majukwaani wananing'iniza madema yenye umbo la faneli, makubwa kuliko mtu mzima, midomo ikitazama juu mto unakotokea. Samaki anasukumwa na maji, anaingia, na nguvu ileile iliyomleta inamzuia kutoka.

Jisogeze karibu uangalie miguu ya mvuvi. Anapanda mti uliolowa akiwa peku, vidole vimekumbatia mti kama vya mkono, huku maji yanapita chini yake kwa kelele inayokufanya useme na jirani yako sikioni. Dema linavutwa juu kwa kamba, watu kadhaa wakivuta kwa mpigo mmoja. Mara nyingine halina kitu. Wanalirudisha, wanahamia la pili. Sisi tuliozoea nyavu na taa za dagaa tunapaswa kuona uvuvi huu, ambao mwalimu wake ni kasi ya maji. Kiingilio utapatana na wenye kijiji. Elewaneni bei yote mwanzoni, pamoja na picha na mtumbwi, kisha lipa bila kununa.

6. Kula samaki, na ujue unamla nani. Kwenye meza ya Kisangani utaletewa "kapiteni". Huyo ni sangara! Kwetu ni mgeni, aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Katika Mto Kongo ni mwenyeji wa asili. Mwagize kama liboke, yaani amefungwa kwenye majani na viungo vyake akapikwa juu ya makaa, na kando yake uombe lituma, ndizi zilizopikwa zikapondwa, chakula ambacho watu wa mji huu wanajivunia. Kisamvu utakikuta kikiitwa pondu au sombe. Na ukisikia "makayabu", samaki wa chumvi, kumbuka kayabo tunayoiona ikifungwa pale Mwaloni Kirumba kwenda Kongo. Neno ni moja, na biashara imeliweka hai pande zote mbili za maziwa.

7. Nyama ya porini iache. Sokoni utaiona imekaushwa kwa moshi, ya nyani hata ya wanyama usiowatambua. Magonjwa kama ebola na mpox huvuka kutoka kwa wanyama kuja kwa watu kupitia nyama za namna hiyo, na msitu wa huko ndio makazi ya okapi, mnyama asiyeishi porini katika nchi nyingine yoyote.

8. Mvua haisubiri msimu. Mji upo nusu digrii tu kaskazini mwa Ikweta, na uko chini kuliko Mwanza kwa zaidi ya mita 600, hivyo joto lake ni la unyevu, nguo haikauki. Desemba hadi Februari kuna nafuu kidogo. Beba chandarua na mifuko ya plastiki ya kufungia simu na hati.

Na mvua ikikufungia ndani, fikiria hili: maji ya Malagarasi huingia Tanganyika, hutoka kwa Mto Lukuga, hujiunga na Lualaba na kupita hapohapo Kisangani. Mvua ya Kigoma inaweza kukutangulia kufika.

9. Kamera iwe mfukoni mbele ya askari, madaraja, bandari na uwanja wa ndege. Bendera ikipandishwa, simama kama wenyeji. Na usiulize habari za vita kama unayeuliza matokeo ya mpira. Huu ni mji alikofanya kazi ya posta kijana Patrice Lumumba, na ndiko alikokuwa akikimbilia alipokamatwa Desemba 1960. Ni mji ambao Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana kwa siku sita mitaani, mamia ya raia wakafa. Mwenyeji akitaka kusimulia, atasimulia. Wewe kaa, sikiliza.

10. Ukiwa na siku mbili za ziada, nenda Yangambi, kama kilomita 100 kuelekea mto unakoshukia. Kuna kituo cha utafiti wa kilimo tangu enzi za Wabelgiji, hazina ya mimea iliyokaushwa zaidi ya laki moja, na msitu wenyewe.

11. Boti ikijaa, shuka. Sisi wa Mwanza hatuhitaji kufundishwa: tuna MV Bukoba, 21 Mei 1996, na MV Nyerere, 20 Septemba 2018. Mto Kongo nao huzamisha boti za mbao zilizolundikwa watu na magunia. Hata mtumbwi wa kuvuka kwenda Lubunga, ng'ambo ya pili, utazame kabla hujaweka mguu. Ukiona maji yamebakiza kiganja kufika ukingoni, mwachie mwenye haraka nafasi yako, nauli ikipotea ipotee, ukae ukingoni usubiri unaofuata.