Akili ya hisia haipimwi kwa kujisifu



Muhula uliopita, hapa Nkuhungu ninapofundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu, tulitaka kuchagua viranja. Mwenzetu mmoja alileta dodoso alilolitoa kwenye intaneti, likiitwa kipimo cha akili ya hisia. Mwanafunzi anasoma sentensi kama "Najizuia kila mara ninapokasirika", kisha anajipa alama 1 hadi 5. Mimi ndiye niliyejumlisha alama.

Kijana aliyeongoza tukampa ukiranja. Wiki ya tatu alimpiga kofi mtoto wa kidato cha kwanza kwenye foleni ya maji. Aliyewapatanisha ni binti aliyeshika mkia, yule niliyemwambia mbele ya wenzake kuwa hisia zake bado. Nilipomuuliza kwa nini alijipa alama ndogo, alijibu: "Ustadh, iliandikwa kila mara. Mimi si kila mara."

Sasa tujiulize, tulipima nini?

Mwaka 1990 wanasaikolojia wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliieleza akili ya hisia kuwa ni uwezo wa kutambua hisia zako na za wengine na kuzitumia kuongoza fikra na vitendo. Kitabu cha Daniel Goleman cha mwaka 1995 kikaieneza duniani, na biashara ya vipimo ikashamiri.

Vipimo hivyo ni vya aina mbili kuu.

Kwanza, mtu kujieleza mwenyewe, kama dodoso letu. Hapa anayejiona hupata nyingi, na anayeihesabu nafsi yake hupata chache. Kukiwa na cheo mbele, kila mtu anajua jibu linalotakiwa. Wafanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa hawaliulizi gunia lina kilo ngapi. Hulipeleka kwenye mizani.

Pili, mtu kupewa kazi. Kipimo cha Mayer, Salovey na Caruso cha mwaka 2002 kina maswali 141. Unaonyeshwa uso utambue hisia, au unapewa kisa uchague hatua inayofaa. Hiki ni bora, kwa sababu kujisifu hakusaidii. Hata hivyo, jibu sahihi hupatikana kwa kulinganisha na majibu ya watu wengi au ya wataalamu, nao huenda wamekulia mbali na desturi zetu. Isitoshe, kujua jibu si kulitenda. Na watu wale wale walipopewa aina zote mbili, matokeo yaliafikiana kidogo tu. Mizani mbili zikitofautiana hivyo, haziwezi kuwa zinapima kitu kimoja.

Afrika Mashariki inatupa funzo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta Wajaluo wa Kenya wana maneno manne ya akili, na mojawapo, luoro, lina maana ya heshima na kuwajali wengine. Na huko Bagamoyo, timu ya Robert Sternberg iliwapima watoto majaribio ya kufikiri, ikawafundisha kidogo, ikawapima tena. Alama zikapanda. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2002, yanaonyesha kuwa alama ya siku moja si hukumu juu ya mtoto.

Ndugu Waislamu, hili si geni kwetu. Imepokewa kuwa Umar bin Khattab (r.a.) alipoletewa shahidi wa kumsifu mtu, alimuuliza kama ni jirani yake, kama wamesafiri pamoja, na kama wamewahi kupeana fedha. Kumuona msikitini peke yake hakukumtosha. Tabia hushuhudiwa na walioishi na mtu.

Kwa hiyo, mzazi, mwalimu au mwajiri, usimpe wala usimnyime mtu nafasi kwa dodoso tupu. Litumie kuanzisha mazungumzo. Kisha waulize anaokaa nao, na umtazame siku ya hasira na siku ya deni.

Mimi nimemuomba radhi yule binti, mbele ya darasa lile lile.

Wabillahi tawfiq.