Ulinganifu wa Kasi ya Kumbukumbu na Kichakataji katika Tarakilishi

Kichakataji ndicho kitengo kinachotekeleza maagizo ya programu. Kumbukumbu nayo huhifadhi kwa muda data inayoshughulikiwa. Wengi hudhani kuwa kichakataji chenye kasi kubwa chatosha kuharakisha tarakilishi. Dhana hii ina kasoro, kwani data inapochelewa kufika, kichakataji husubiri bure.

Mfano mwafaka ni baadhi ya vichakataji vya Pentium 4 vilivyotolewa mwaka wa 2003. Njia yavyo ya data iliweza kupitisha baiti 8 kwa kila mkupuo, mikupuo milioni 800 kwa sekunde, yaani baiti bilioni 6.4. Kadi moja ya kumbukumbu ya aina ya DDR400 ilitoa baiti 8 mara milioni 400: bilioni 3.2 tu, nusu ya mahitaji. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kadi mbili za namna hiyo, zikichomekwa katika mikondo miwili ya ubao mkuu ulioruhusu hivyo, zilitoa bilioni 6.4. Hapo ndipo pande zote mbili zilipolingana.

Aidha, kadi yenye kasi inayozidi uwezo wa mfumo huteremshwa hadi kasi ambayo mfumo unaimudu, na gharama ya ziada ikawa hasara. Kadi za kasi tofauti zikichanganywa, kwa kawaida zote hufuata mwendo wa ile ya polepole.

Kanuni hii ingali na mashiko hata katika kumbukumbu za DDR5. Kwa hivyo, mnunuzi hana budi kusoma kwanza vipimo vya kichakataji na vya ubao mkuu, ndipo achague kumbukumbu.