SOMO LA MAZINGIRA: Moto, Maji na Rutuba katika Msitu wa Mlima Wetu



Kila mvua zinapokaribia, kamati hupanga miche ya kupanda. Kabla ya kuagiza, tuangalie kwanza msitu wenyewe unavyoishi.

Kilimanjaro ina miti yake ya asili ya jamii ya misonobari: mwangati na podo. Mwangati hupatikana zaidi upande wa kaskazini, kwenye mvua chache. Podo hupenda unyevu na ukungu, nayo hukua hata upande wa kusini, juu ya Machame na Marangu. Paini na mikrismasi ni wageni kutoka Mexico na Amerika ya Kati, waliopandwa kwa ajili ya mbao katika mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Rongai.

Tuanze na moto, maana ndio unaotushangaza. Mche wa mwangati haustawi kwenye kivuli kizito. Moto ukipita mara moja baada ya miaka mingi hufungua nafasi, mwangati huota kwenye mwanga, kisha podo, inayovumilia kivuli, hukua chini yake. Lakini moto ukirudi kila baada ya miaka michache, miche huteketea kabla ya kuzaa mbegu, na msitu hugeuka vichaka. Kwa hiyo swali ni moto unarudi mara ngapi. Siku hizi unarudi mno: warina asali, wachoma mkaa, uzembe, na ukame. Oktoba 2020 pekee ziliungua takriban kilomita za mraba 95.

Hasara kubwa iko kwenye maji. Upande wa kusini mvua nyingi zaidi hunyesha kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi. Juu ya hapo miti yenye kuvu na ndevu za mlima huchuja ukungu na kuudondosha ardhini. Mtafiti Andreas Hemp alionyesha mwaka 2005 kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na kwamba maji ya ukungu tunayopoteza hivyo ni mengi kuliko yanayotoka kwenye barafu. Wageni hupiga picha barafu ya Kibo wakisikitika (nasi pia tunasikitika), lakini mfongo wa Kibosho unategemea zaidi msitu.

Kuhusu rutuba: moto hurusha naitrojeni angani pamoja na moshi. Majivu hubaki na potasiamu na kalsiamu, ndiyo maana sehemu iliyochomwa huchipua haraka. Ila kwenye mteremko mvua ya kwanza huyasomba hadi mtoni. Sindano za paini nazo huoza polepole. Zikirundikana zikiwa kavu, zinakuwa kuni zinazosubiri kiberiti.

Kwa maoni yetu, paini ipandwe kwenye kiwanja cha mbao, kukiwa na njia za kuzuia moto zinazofyekwa kila kiangazi. Kwenye chemchemi na kingo za mifongo tupande miti ya asili, hata kama inachelewa na mfadhili hataona kivuli chake katika taarifa ya mwaka huu.

Maswali ya kujadili katika kamati: Chemchemi yetu imezungukwa na miti gani? Moto ulipita lini mara ya mwisho juu ya kijiji chetu, na nani alikwenda kuuzima?