Kwa nini baba amelazwa kifudifudi?

Swali: Daktari, baba yetu ana nimonia kali, anapumua kwa mashine katika chumba cha wagonjwa mahututi. Jana tulimkuta amelazwa kifudifudi. Kwa nini wamfanyie hivyo?

Jibu: Poleni sana. Inauma kumwona mzazi hivyo, lakini hayo ni matibabu. Mtu akilala chali, moyo na uzito wa mapafu yaliyojaa majimaji hugandamiza sehemu ya mgongoni, ambako damu hupita kwa wingi. Akigeuzwa, sehemu hiyo hufunguka ikapata hewa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika hasa Ufaransa kwa wagonjwa 466 waliokuwa na shida kali ya kupumua, ulilinganisha waliolazwa kifudifudi angalau saa 16 mfululizo na waliobaki chali. Baada ya siku 28, asilimia 16 ya kundi la kwanza walikuwa wamefariki. Kundi la pili, karibu asilimia 33. Ni nadra kuona tofauti kubwa hivyo kwa wagonjwa mahututi.

Ila kazi ya kumgeuza mgonjwa inataka mikono iliyozoea: mrija wa kupumulia unaweza kuchomoka, na uso kupata vidonda. Waulizeni wauguzi wanamgeuza baada ya saa ngapi, na macho yake wanayalindaje.