Trela Nyuma, Msitu Mbele: Vidokezo 9 vya Kuchagua Kambi Kakamega

Trela la hema limeshapatikana, watoto wamefunga mabegi tangu Jumatano, na nyumba nzima inaimba "Kakamega! Kakamega!" Safi kabisa. Trela la kukunjua ni raha tupu: ukifika unainua paa, unavuta vitanda huku na huku, na kabla chai haijachemka una chumba cha kulala juu ya magurudumu. Kilichobaki ni kupata mahali pazuri pa kuliegesha, na hapa Kakamega mwenye neno la mwisho ni mvua ya alasiri. Chagua kambi ukiwa umeiweka mvua hiyo akilini, na mengine yatajipanga. Haya, twende kazi!

1. Amua kwanza: Buyangu au Isecheno?

Msitu wa Kakamega ndio kipande cha pekee kilichosalia Kenya cha misitu ya mvua ya aina ya Kongo. Kaskazini kuna Buyangu, hifadhi ya taifa tangu 1985, chini ya shirika la wanyamapori, KWS. Unaifikia kwa barabara ya Webuye, na ndiko iliko kambi ya Udo yenye mabanda na uwanja wa mahema. Kusini kuna Isecheno, chini ya shirika la misitu, KFS, unakoingilia Khayega na kupitia Shinyalu. Unataka utulivu? Buyangu. Unataka miti mikubwa ya kale na soko la karibu? Isecheno. Kama una usiku mmoja tu, chagua upande mmoja na ubaki huko. Kuzunguka na trela kutoka lango hadi lango kutakula siku yako nzima.

2. Paa liwe juu kabla ya saa saba

Asubuhi za hapa huwa na jua zuri. Baada ya chakula cha mchana mawingu yanakusanyika, ngurumo inajitambulisha, kisha maji yanamwagika. Eneo hili hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, Aprili na Mei zikiongoza. Desemba hadi Februari kuna nafuu. Basi piga hesabu kwa kurudi nyuma. Kutoka Nairobi ni zaidi ya kilomita 350, na mwenye trela hakimbii. Lala Naivasha au Nakuru, ng'oa nanga alfajiri, na utafika nyasi zikiwa bado kavu. Wa Kisumu, ninyi mna bahati: ni kama kilomita 50 tu!

3. Piga simu moja, uliza maswali matano

Kambi nyingi zilipangwa kwa ajili ya mahema ya chini, si kwa gari lenye mkia. Kwa hiyo uliza: Trela linapita langoni? Kuna nafasi ya kugeuzia? Maji yapo, na ni ya kunywa au ya kuchemsha? Choo kiko umbali gani? Usiku kuna mlinzi? Ongeza la malipo pia, kwa kuwa ada ya kuingia na ada ya kulala mara nyingi hulipwa kila moja peke yake, na KWS hupokea kwa njia ya eCitizen. Lipa ukiwa mjini ambako mtandao uko imara, kisha piga picha ya risiti uiweke kwenye simu. Dakika tano za simu zinakuokolea saa nzima ya kurudi kinyumenyume kwenye njia nyembamba.

4. Kisigino ndicho kipimo

Umefika, na uwanja unapendeza kama zulia. Ngoja kwanza! Shuka, vaa gambuti, kanyaga kwa kisigino kwa nguvu zako zote, kisha inua mguu utazame. Alama ikibaki kavu na ya juu juu, hapo panafaa. Kisigino kikizama na maji yakaanza kujaa taratibu ndani ya shimo, sogea. Kesho asubuhi gurudumu la trela lingekuwa limezama vivyo hivyo, na ungekuwa ukitafuta vijana wa kusukuma. Jaribu sehemu tatu au nne, hasa pale matairi yatakapokaa. Majani makavu na vijiti vilivyojipanga mstari mmoja pia vinasema kitu: hapo ndipo maji hupita mvua ikinyesha.

5. Chupa ya maji ni pimamaji yako

Trela lililoinama hukunyima usingizi, na paa lililolala vibaya hukusanya maji kama beseni. Jaza chupa nusu, ilaze sakafuni mwa trela, tazama maji yameegemea wapi, kisha ingiza kipande cha ubao chini ya gurudumu la upande ulioshuka. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu *kabla* ya kulifungua trela kutoka kwenye gari. Mwinuko mdogo ni rafiki yako, maana maji ya mvua yanahitaji mahali pa kukimbilia. Elekeza tu mlango upande wa chini, ili maji yasiingie kukusalimu.

6. Tazama juu pia

Kivuli cha mti mkubwa kinavutia, lakini matawi makavu huanguka bila kubisha hodi. Inua macho: tawi lisilo na majani, mti ulioinama, mmea mzito wa kutambaa unaoning'inia, yote hayo ni ishara za kuhama. Halafu kuna radi, na Kakamega inazijua vizuri. Kaa mbali na mti uliosimama peke yake na ule unaoipita mingine kwa urefu. Ngurumo zikikaribia, wote ingieni ndani ya gari na mfunge vioo. Kitambaa cha hema hakizuii radi. Wape watoto karata, mchezo uendelee humo humo.

7. Siafu wana barabara zao

Huu ni msitu wa siafu. Kabla ya kushusha chochote, zunguka uwanja polepole ukitazama chini. Ukiona mstari mweusi unaometa, unaosogea kama uzi unaovutwa, umeingia njia kuu ya wenyewe. Usiukanyage, usiumwagie maji. Hamia upande mwingine. Uzuri wa trela ni kwamba liko juu ya ardhi, kwa hiyo una miguu michache tu ya kulinda. Majivu ya jikoni yakizungushwa kwenye kila mguu na kila gurudumu ni mbinu ya wenyeji, na haikugharimu kitu. Mvua ikiyaosha, zungusha mengine.

8. Kima halipi, mbu halali

Mbega watakutazama wakiwa juu na kuendelea na majani yao. Kima na nyani ndio wenye macho ya karibu! Chakula kiwe ndani ya gari, ndizi zisikae mezani, na takataka zifungwe kabla ya giza. Upande wa mbu, kumbuka kwamba Magharibi mwa Kenya ni eneo la malaria. Kagua nyavu za madirisha ya trela ukiwa bado nyumbani, shona matundu, na kila mtu alale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa. Ukipata homa baada ya safari, nenda ukapimwe mara moja.

9. Kambi nzuri ina majirani

Salamu ya huku ni "Mulembe!" Itoe langoni, itoe sokoni, uone nyuso zinavyofunguka. "Mulembe, mzee, wewe ungelala upande gani hapa?" Swali hilo, ukimuuliza mlinzi aliyekesha hapo misimu mingi, lina thamani kuliko ramani yoyote. Nunua kuni badala ya kuokota msituni, onja mukombero, ule mzizi wa kutafuna, agiza ingokho (kuku) kwa ugali. Kisha chukua mwelekezi wa hapo hapo akupandishe kilima cha Buyangu, au Lirhanda kule kusini kwenye pango la machimbo ya zamani ya dhahabu wanamoishi popo. Ukisikia ngoma ya isukuti kwa mbali, tega sikio: tangu 2014 imo kwenye orodha ya UNESCO ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka.

Siku ya kurudi ikifika, huenda ukalikunja trela likiwa bado na unyevu wa usiku. Usijali, kunja tu, lakini ukifika nyumbani usiliegeshe ukasahau. Mvua ya Kakamega imesafiri nawe ndani ya kitambaa, na ukiiacha humo italeta ukungu na harufu. Inua paa uani kesho yake, fungua madirisha yote, jua lifanye kazi yake. Watoto wataingia kulala humo mchana huo huo, na watakuuliza safari nyingine ni lini. Uwe na tarehe tayari!