Divai Nyekundu ya Ufaransa Iliyokaa Miaka Mingi: Ipime Kabla ya Kulipa

Mlaji wa Mgwashi au Lushoto mjini, umri pekee si ubora. Divai nyingi hutengenezwa zinywewe zingali changa. Uletewapo chupa ya zamani ya Bordeaux, zingatia haya:

1. Chupa: Mwaka wa lebo ni wa mavuno ya zabibu. Kizibo kilichovuja huashiria kuwa hewa imeingia.
2. Rangi: Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Ukingo wa rangi ya tofali ni uzee wa kawaida. Kahawia tupu ni dalili ya kuharibika.
3. Harufu: Ikinuka siki au karatasi iliyovunda, ikatae.
4. Ladha: Ukakasi, mfano wa chai iliyokolea, uwe umelainika. Mashapo hayadhuru.

Dai risiti, ndiyo ushahidi wako ukilalamika.